Kitambaa cha Kijivu Juu ya Chaja

Vijana wangu, nimesikia mnataka kuipaka karakana rangi. Nimefurahi. Zile kuta zimekula vumbi la mbao na harufu ya vanishi mpaka hata buibui wamehama. Lakini nimesikia pia kwamba mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu anajijua, ameuliza kile kipande cha kitambaa cha kijivu kilichopigiliwa ukutani juu ya rafu ya chaja ni cha nini, na kama anaweza kukitupa pamoja na takataka nyingine. Asikiguse. Aweke brashi chini kwanza asome hapa.

Mimi ni Bosibori, niliyefanya useremala katika karakana hiyo hapo Nyansiongo hadi magoti yangu yalipogoma. Wengi wenu mlinikuta nikiwa tayari mtu wa kufoka. "Huyu mama ana kelele kushinda mashine ya randa," nilimsikia mmoja wenu akisema, akidhani masikio nayo yamestaafu. Leo nitawaambia kelele zile zilianza lini, kwa sababu kuna miaka mingi katika karakana hiyo hiyo ambapo kulikuwa na mtu mmoja nisiyeweza kumfokea hata kidogo, na mtu huyo nusura afe mbele ya macho yangu.

Tuanze na meza. Mnajua sheria yangu: drili ya betri haipokewi mkono kwa mkono. Unaiweka mezani, mdomo wake ukiangalia ukuta, kile kitufe cha mbele na nyuma ukiwa umekisukuma katikati ili isizunguke hata mtu akibonyeza. Ndipo mwenzako anaichukua. Mlidhani niliyasoma hayo kwenye kitabu kinachokuja na mashine. Hapana. Nilijifunza kwa baba mkwe wangu, Mzee Nyakundi, na wala hakuwa anafundisha usalama kazini. Alikuwa anashika chinsoni.

Kwa nyinyi mliokulia mjini, chinsoni ni ile heshima yenye aibu ndani yake inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mkwe na mkwe. Mke wa mwana hamshiki baba mkwe mkono. Hakai naye benchi moja wakagusana mabega. Hamkosoi. Siku hizi wengi wameilegeza, wanasalimiana kwa mikono baada ya ibada na mbingu haijaanguka. Tata hakulegeza. Tata ndivyo nilivyomwita, kama mnavyowaita baba zenu nyumbani. Akiwa na kitu cha kunipa alikiweka mezani na kurudi nyuma, nami nikakichukua. Patasi, nyundo, kikombe cha chai, vyote vilipitia mezani. Drili zilipokuja, nazo zikafuata njia ile ile. Ndivyo heshima ya kikwe ilivyogeuka kuwa sheria ya karakana, na sijawahi kuona sheria nzuri kuliko hiyo.

Mume wangu, Momanyi, alikuwa na meza yake ya kazi kando ya meza ya baba yake. Alipofariki, watu walidhani nitauza vifaa vyake nirudi kuchuma majani chai. Walisahau kwamba nilisomea useremala chuo cha ufundi kabla hata sijaolewa. Tata ndiye aliyesema meza ya mwanawe isiondolewe, na kwamba mimi ndiye nitakayeisimamia. Hakuniambia mimi. Alimwambia Ondieki, nami nikiwa nimesimama pale pale nikisikia kila neno.

Ondieki alikuwa fundi mwenzetu, jirani asiye wa ukoo wetu, mtu wa mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Kwa kuwa hakuwa na chinsoni na yeyote kati yetu, akawa simu yetu.

"Ondieki, ambia mke wa Momanyi hiyo bawaba imekaa juu sana."

"Bosibori, unaambiwa bawaba iko juu sana."

"Mwambie Tata nimesikia, nitashusha."

"Mzee, anasema atashusha. Na mimi nasema hii kazi ya kuwa simu inataka mandazi."

Tuliishi hivyo. Nilijifunza mengi kwa Tata kupitia mdomo wa Ondieki, ingawa Ondieki alipenda kuongeza chumvi. Tata akisema "mbao haijakauka", Ondieki alinifikishia kwamba mbao ile bado inasikia mvua ya mwaka jana.

Drili za betri zilikuja kwetu kwa sababu ya stima. Stima ya kwetu mnaijua. Wingu likipita tu upande wa Itumbe, inazima. Fundi anabaki na mlango umetobolewa nusu na mwenye mlango amesimama hapo anauliza kulikoni. Tukachanga, tukanunua drili za kikundi, zikawa za wote. Na kitu cha wote kina ubaya wake: kila mtu anajua kukitumia, hakuna anayejua kilichokisibu. Ukiuliza betri hii nani aliiangusha, kila mtu anatazama dari. Ndiyo maana nilikuwa nawakemea mseme. Ukiangusha betri, sema. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya kuiweka kwenye chaja. Ukiona imevimba, itoe nje na uwaambie wenzako, usiirudishe kwenye rafu ukaenda zako ukipiga mluzi.

Na Ijumaa, kabla jua halijazama, chaja zote zichomolewe. Wengi wetu ni Wasabato. Karakana inafungwa, na haifai kuacha betri ikichemka peke yake katikati ya vumbi la mbao huku nyinyi mnaimba kanisani. Ondieki, ambaye ni Mkatoliki na Jumamosi angetaka kufanya kazi, alikuwa akilalamika.

"Sabato yenu ni ya watu ama ni ya betri?"

"Ya wote," Tata alimjibu. "Hata wewe ungepumzika, ungenenepa kidogo."

Msimcheke sana Ondieki, lakini hili mcheke. Siku moja alikuwa akifunga skrubu kwenye fremu ya dirisha akiwa ameiegemea, drili ameifungulia nguvu zote. Ile pete yenye namba shingoni mwa drili ipo kwa sababu: skrubu ndogo kwenye mbao laini inataka namba ndogo, ili drili iteleze yenyewe skrubu inapofika mwisho. Ondieki hakuwa na habari na pete. Alifunga, akasikia tr-r-r, akaridhika. Saa ya chakula ikafika, sote tukatoka. Yeye akainuka, fremu nayo ikainuka naye. Alikuwa ameifunga aproni yake ndani ya mbao. Akaanza kuzunguka karakana na dirisha limemning'inia tumboni akituita tumsaidie, nasi tumekaa chini kwa kicheko. Hata Tata alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho.

Mimi nilicheka pia, kisha kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimetazama shingo ya Tata.

Nyansiongo kuna baridi, hasa asubuhi ukungu ukishuka juu ya mashamba ya mahindi, na Tata alivaa koti zito mwaka mzima. Juu ya koti alivaa skafu ya kijivu ya sufu, ndefu, ncha zake mbili zikining'inia kifuani. Ilikuwa ya Momanyi. Baada ya mazishi, nguo zilipogawanywa, Tata aliichukua hiyo tu. Hakuivua tena. Akiwa kazini, kanisani, akikamua ng'ombe, skafu ilikuwa shingoni.

Na Tata alikuwa mtu wa keekee. Nyinyi hamjaiona keekee ikifanya kazi. Ni ile drili ya zamani ya mkono, ina kichwa cha mbao juu na mkono uliopinda katikati. Unaweka kifua juu ya kile kichwa, unalala na uzito wako wote, huku mkono ukizungusha. Bila kifua keekee haitoboi. Tata aliitumia tangu ujana wake, kifua chake kilikuwa na alama kama sahani. Tulipopata drili za betri akazipenda kuliko sote, ila mwili wake haukujua kwamba mambo yamebadilika. Kila alipotoboa shimo kubwa alilaza kifua juu ya mgongo wa drili. Mazoea yana taabu. Drili ya betri haihitaji kifua. Unasimama wima, miguu umeipanua, mikono miwili, unasukuma kidogo tu na kuiacha biti, ile ncha ya kutobolea, ikate yenyewe. Ukihitaji kulala juu yake, ujue biti ni butu, kainoe.

Kila alipoinama, ncha za skafu zilishuka karibu na biti inayozunguka. Nilikuwa nikiona. Nikiwa meza ya pili nilikuwa nikiacha kazi yangu nimtazame mpaka amalize. Nilimwogopea kila siku aliyoshika ile mashine. Ningekuwa na mtu mwingine ningepiga kelele. Lakini ningemwambiaje baba mkwe wangu avue nguo yake? Kwetu sisi hilo halisemeki. Na nguo yenyewe ya nani!

Nikamtuma Ondieki. Nilimwita nje kando ya rundo la mbao.

"Mwambie Tata aache kulalia drili. Na hiyo skafu aifiche ndani ya koti."

Ondieki alikuna kichwa. "Ya drili nitasema. Ya skafu, mama, hiyo ni moto."

"Sema zote mbili."

Akaenda. Nilijifanya napima mbao huku nimetega sikio.

"Mzee, kuna watu wanasema ukitoboa usilale juu ya drili."

"Watu gani?"

"Watu tu. Na wanasema skafu..."

Tata aliweka drili mezani, kitufe katikati kama kawaida yake. "Hii kifua imetoboa milango ya kanisa tatu kabla hiyo watu hawajazaliwa," alisema. Skafu aliishika tu, akaikunja vizuri juu ya koti, akatazama meza ya Momanyi, meza yangu. Ondieki akarudi kwangu mikono mitupu.

Niliendelea kutuma. Ondieki alikwenda mara kadhaa, kila mara kwa mzaha mpya, na kila mara Tata alimrudisha. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haikutuambia mkuu asiyesikia la mdogo atavunjika nini.

Sasa Ijumaa ile. Tulikuwa na milango ya zahanati, imebaki mmoja kutobolewa nafasi ya kitasa. Wenzetu walikuwa wameshaondoka kwenda kujiandaa kwa Sabato. Ondieki alikuwa nje uani na mashine ya randa, analainisha mbao, na mnajua kelele za mashine ile. Ndani tulikuwa wawili, mimi nasugua msasa kwenye meza yangu, Tata ameulaza mlango mezani na kufunga kwenye drili ule msumeno wa duara wa kutobolea kitasa. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye dirisha la magharibi. Alilitazama, akalitazama tena. Hakutaka limkute kazini.

Mbao ilikuwa mkaratusi mkavu, mgumu kama kichwa cha mbuzi. Alianza vizuri. Kisha msumeno ukaanza kulalamika, na badala ya kuutoa apumzishe, akainama akaweka kifua. Niliacha msasa.

Drili ina sauti ya kazi na ina sauti ya kukabwa. Jifunzeni kuzitofautisha hata mkiwa mmefumba macho. Nilisikia ile ya kwanza ikigeuka kuwa ya pili, nikaona ncha ya skafu ikiruka, ikajizungusha mara moja, na kichwa cha Tata kikaenda chini ghafla kana kwamba mtu amemvuta kwa kamba.

Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Skafu ilikuwa imeviringika kwenye mdomo wa drili, na shingo yake imebanwa kabisa. Alikuwa amelala juu ya mashine, mkono wake wa kulia uko chini ya tumbo lake mwenyewe, umeshika mpini, na uzito wake wote unaukandamiza ule mkono kwenye swichi. Hakuweza kuachilia. Drili iliguna, ikashika, ikaguna, na kila ikiguna skafu inakaza. Mguu wake mmoja ulianza kukwaruza sakafu, ukisukuma maranda.

"Ondieki!" nilipiga kelele. "Ondieki! Kuja!"

Randa ilikuwa inanguruma uani. Nikaita tena mpaka koo likaniuma. Nilitazama mlango, nikatazama Tata. Uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu, jicho moja linaniona. Sijawahi kuogopa vile, hata siku niliyoitwa hospitali kwa ajili ya Momanyi. Miguu yangu ilitaka kukimbia nje kumleta Ondieki, kwa sababu Ondieki anaruhusiwa kumgusa. Ule mguu wa Tata uliacha kukwaruza.

Nikaenda kwake. Niliingiza bega langu chini ya kifua cha baba mkwe wangu nikamwinua, na mkono wangu ukapita ndani ya koti lake, kwenye tumbo lake, nikipapasa. Nikapata vidole vyake vimeganda kwenye mpini. Nikavipita, nikateremka hadi betri, nikatafuta vile vibonyezo viwili vya pembeni, nikabonyeza na kuvuta. Haikutoka, uzito wake ulikuwa juu yake. Nikainua tena kwa bega, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Betri ikachomoka ikaanguka chini.

Mashine ikanyamaza, lakini skafu haikulegea hata kidogo. Drili ikikaba nguo haiachi kwa sababu tu umeme umekatika, na msumeno wenyewe ulikuwa umezama ndani ya mbao. Patasi yangu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, nimeinoa asubuhi ile. Nilisukuma vidole viwili kati ya sufu na shingo yake ili visimame mbele ya makali, nikakata kuelekea nje. Sufu haikatiki kwa urahisi. Nilikata skafu ya mume wangu uzi kwa uzi, nikilia kwa sauti, na kumwambia Tata maneno ambayo siyakumbuki. Ilipoachia, alivuta pumzi moja mbaya, yenye mlio, akaanguka upande wangu. Tukaenda chini wote wawili kwenye maranda, kichwa chake begani kwangu, mkono wangu umemshika kifuani nikisikia moyo unavyopiga.

Ndivyo Ondieki alivyotukuta alipozima randa kuja kuuliza saa. Alisimama mlangoni. Kisha, Mungu ambariki, akageuza uso ukutani.

"Mama, niingie?" aliuliza.

"Ingia mbio, mpumbavu wewe!"

Tulimpeleka zahanati ile ile tuliyokuwa tunaitengenezea milango. Shingo ilikuwa na mstari mwekundu pande zote, vidole vya mkono wa kulia vimechubuka, sauti imepotea. Walimpa dawa, wakamlaza akiangaliwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwili ulikuwa salama.

Lakini hakurudi karakana. Tulikuwa wakati wa palizi jambo hilo lilipotokea. Palizi ikaisha, mahindi yakaanza kutoa ndevu, Tata bado yuko nyumbani. Tunaishi boma moja, nyumba yangu chini, yao juu. Nilipika, mama mkwe akaja kuchukua chakula. Nikipita njiani, Tata aliingia ndani. Alikuwa akijificha nisimwone, au alikuwa ananisitiri aibu yangu, sikujua. Na maneno yakaanza kutembea sokoni, kwamba mke wa Momanyi alionekana amemkumbatia baba mkwe wake chini sakafuni. Wenye kusema hayo hawakusema habari ya drili.

Nilimwuliza mama mkwe waziwazi. "Mama, Tata amekasirika na mimi?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Sijui, mwanangu. Hasemi. Anashika tu ile kipande ya skafu anaiangalia." Akamenya nyingine. "Watu wanasema ulimshika. Mimi nasema, ungengoja Ondieki, saa hii ningekuwa mjane, nimenyoa kichwa."

Maneno hayo yalinipa nguvu ya kuendelea kwenda kazini, lakini hayakunipa usingizi. Meza ile nilipewa na Tata. Akisema hawezi tena kusimama karibu na mkwe aliyevuka mpaka, mimi ndiye wa kuondoka, na ningeondoka bila kubisha. Nilianza kufunga vifaa vya Momanyi kwenye sanduku, kimoja kimoja, ili siku ikifika nisihangaike. Ondieki aliniona, akarudi kwenye kazi yake bila utani.

Tata alikuja Jumapili asubuhi. Sote tulikuwapo kwa sababu ya kazi iliyolimbikizana. Aliingia na koti lake limefungwa vifungo hadi juu, shingo iko wazi, ule mstari bado unaonekana. Watu walimsalimia, akaitikia kwa sauti ya mchakacho. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye rafu ya chaja, akatoa mfukoni kipande cha skafu, akachukua nyundo na msumari, akakipigilia ukutani pale mnapokiona. Kisha akabaki ameuangalia ukuta, ametupa mgongo.

"Ondieki, mwambie..." Alinyamaza. Akakohoa. "Hapana. Wewe leo nyamaza."

"Mimi sijasema kitu, Mzee."

"Na usiseme." Aliendelea kuongea na ukuta. "Mke wa Momanyi aliona hii kitu siku mingi. Alituma maneno, mimi nikarudisha. Nilifanya chinsoni ikuwe kufuli kwa mdomo yake. Wazee wenye waliweka chinsoni hawakuwa wameona drili. Wangeiona, wangeacha nafasi. Kuna mtu yuko na swali?"

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ule mlango wa mwisho wa zahanati ulikuwa bado umeegemezwa ukutani, na shimo lake nusu. Hatukuwa tumeugusa. Tata aliuinua na Ondieki, wakaulaza mezani. Akachukua drili, akakagua kitufe, akaingiza betri, akaweka msumeno kwenye lile shimo. Akaanza. Mbao ikamkatalia kama siku ile, na nikamwona mgongo wake ukianza kujikunja, bila yeye kujua, kifua kikiteremka kuelekea mashine.

Ondieki akafungua kinywa. Tata aliachia swichi, akainua mkono wa kushoto kumzuia. Hakunitazama. Alibaki vile vile ameinama, akingoja.

Nilielewa anamngoja nani.

"Tata," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Tata, ondoa kifua."

Akasimama wima. Akapanua miguu. Akashika kwa mikono miwili.

"Hivi?"

"Hivi hivi. Na uitoe kidogo ipumue, halafu urudi."

Alitoboa, akatoa, akarudi, mpaka kile kiduara cha mbao kikaanguka chini. Kisha akarudisha kitufe katikati, akaiweka drili mezani mdomo ukiangalia ukuta, akarudi nyuma hatua kama alivyofanya maisha yake yote. Nami nikaichukua.

Tata sasa amelala kando ya mwanawe nyuma ya migomba, na ile sauti mliyokuwa mkiilalamikia nilianza kuitumia asubuhi ile. Kwa hiyo pakeni rangi yoyote mnayotaka. Mkifika kwenye kile kitambaa, zungukeni na brashi. Na siku utakapomwona mkubwa wako amelalia drili kwa kifua, awe baba, awe mkwe, awe mwenyekiti wa kikundi, usitafute Ondieki.